Kuziba Matundu na Nyufa za Boti ya Alumini: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Boti wa Mtera na Mabwawa ya Kanda ya Kati

Boti ya kwanza ya alumini kuingia katika karakana yangu hapa Dodoma ililetwa kutoka Mtera juu ya trela, ikiwa na tundu la kupitisha ngumi chini kidogo ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti. Mwenyewe alinieleza kwamba siku tatu kabla ya hapo palikuwa na ufa tu, usiozidi urefu wa kidole, alioupata kwa kugonga kisiki. Aliupeleka kwa mchomeleaji wa mageti, naye akauchomelea kwa vijiti vile vile anavyotumia kwenye mabomba ya chuma. Chuma kikipata moto hubadilika rangi kwanza, kwa hiyo fundi hupata muda wa kuondoa mkono. Alumini haifanyi hivyo. Hubaki na weupe wake ule ule hadi dakika ya mwisho, kisha hudondoka ghafla kama uji. Ufa wa kidole ukawa tundu la ngumi, na kazi ya nusu siku ikawa ya siku tatu.

Wakati huo nilikuwa fundi wa madirisha na milango ya alumini, na nilidhani kwamba anayeijua alumini ya dirisha anaijua pia ya boti. Nilikosea, kama nitakavyoeleza mbele. Tangu hapo nimefikia msimamo ambao ndio msingi wa mwongozo huu: kwa boti nyingi ndogo za huku kwetu, ambako mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni (inayozuia hewa isifikie alumini iliyoyeyuka) haipatikani kila mtaa, ukarabati unaofaa zaidi ni kiraka cha alumini kilichopigwa ribiti (pini za kuunganisha mabati) juu ya gundi laini ya kuzibia. Uchomeleaji ni mzuri, tena ni bora, lakini ukifanywa na mwenye vifaa na mkono uliozoea. Epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili inayoganda ikawa ngumu, ina nafasi yake, nayo ni ndogo kuliko wauzaji wake wanavyodai.

Kwanza jua kilichotoboa

Kabla ya kushika drili, tafuta sababu, kwa maana tundu na ufa havitibiwi kwa namna moja. Bwawa la Mtera lilipojaa maji ya mto Ruaha Mkuu, miti iliyokuwa bondeni ilizama ikiwa imesimama, na mingi ingali pale imekauka. Kiwango cha juu cha maji ya bwawa hilo ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ya umeme ni mita 690. Maana yake ni kwamba uso wa maji unaweza kushuka zaidi ya mita nane, na kisiki ulichokipita salama mwezi wa tano kikawa sentimita chache tu chini ya maji ifikapo mwezi wa kumi na moja. Jeraha la kisiki hutambulikana: bati limebonyea, kingo zimekunjwa kuelekea ndani, na sehemu iliyo jirani ni nzima. Hilo ni jeraha la mara moja, nalo likizibwa vizuri halirudi.

Ufa wa uchovu wa chuma ni jambo jingine. Huo hutokea bila kugonga kitu, mara nyingi pembeni ya taruma (mbavu za ndani zinazoshikilia bodi), kwenye kona za shetri, yaani nyuma ya boti, panapofungwa injini, au mahali boti inapokaa juu ya magurudumu ya trela. Bati limetikiswa mara elfu nyingi hadi likachoka, na ufa wake ni mwembamba kama unywele, hauna mbonyeo. Ukiuziba bila kupunguza mtikisiko ulioleta ufa huo, utafunguka tena kando ya kiraka chako. Hapo itabidi uongeze pembe ya alumini kwa ndani ili mzigo utawanyike, na kazi hiyo inaweza kufanywa kwa zile pembe tunazotumia madirishani.

Aina ya tatu ni kuliwa. Alumini hulindwa na utando mwembamba sana unaojiunda wenyewe juu yake, na utando huo hudumu katika maji ambayo pH yake (kipimo cha asidi na magadi) ni kati ya 4 na 8.5 hivi. Ukizidi hapo, huanza kuyeyuka. Yeyote aliyepika maharage kwa magadi ndani ya sufuria ya alumini amekwisha kuona sufuria hiyo inavyofubaa na kuwa nyeusi, na boti inayofanya kazi katika maji ya chumvi na magadi kama ya Ziwa Singidani iko ndani ya sufuria hiyo kila siku. Dalili zake ni unga mweupe na vishimo vidogo kama vya sindano, hasa chini ya mazulia yaliyolowa, chini ya mbao, na mahali paliposahaulika sarafu, msumari au kipande cha waya wa shaba. Shaba na chuma vikigusana na alumini ndani ya maji, kinacholiwa ni alumini. Kwa sababu hiyo hiyo usizibe tundu kwa saruji, jambo ambalo nimelikuta mara mbili: saruji mbichi ni kali kama magadi, na itakula kingo za tundu huku ikionekana imelishika.

Kutafuta mahali panapovuja

Mvujo mkubwa unaonekana, bali ule mdogo hujificha. Weka boti juu ya mbao nene zinazobeba mkuku, yaani uti wa mgongo wa chini ya boti, kwa urefu wake wote, kisha mimina maji ndani na utazame kwa nje. Usijaze. Boti yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2 ikiwekwa maji ya kina cha sentimita 10 tu inakuwa imebeba karibu kilo 480, na boti haikujengwa kubeba uzito huo ikiwa nchi kavu. Sentimita 8 hadi 10 zinatosha. Ukitaka kupima sehemu ya juu, inamisha boti upande badala ya kuongeza maji.

Weka alama kwa kalamu ya nta au ya wino, kamwe si kwa penseli ya kawaida. Mkaa wa penseli ukibaki juu ya alumini na kupata unyevu hufanya kazi ile ile ya shaba, na mstari uliouchora unaweza kuwa mstari wa vishimo.

Kwa ufa usioonekana mwisho wake ipo njia ya zamani ambayo haigharimu kitu. Ponda chaki nyeupe, ichanganye na maji kidogo, ipake nje juu ya eneo unalolishuku, na uiache ikauke. Kisha pakaza mafuta ya taa kwa ndani kwa kitambaa. Baada ya robo saa hivi mafuta yatakuwa yamepenya na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, pamoja na ile ncha nyembamba ambayo jicho lilikuwa limeikosa. Ukimaliza, safisha mafuta yote kabla ya hatua nyingine.

Ribiti zilizolegea

Boti nyingi ndogo za alumini zimeunganishwa kwa ribiti, na nyingi kati ya zinazosemekana zimetoboka hazijatoboka. Ni ribiti zilizochoka na kucheza. Ukizigonga taratibu, ile iliyolegea hutoa mlio mkavu. Kazi hii inahitaji watu wawili: mmoja anashikilia kipande kizito cha chuma juu ya kichwa cha ribiti kwa nje, mwingine anapiga mkia wake kwa ndani mapigo mafupi matatu au manne. Ribiti iliyokwisha kupigwa mara nyingi haikazi tena. Itoe kwa drili na uweke nyingine yenye unene unaozidi kidogo, huku ukipaka gundi ya kuzibia shingoni.

Kusimamisha ufa

Ufa una ncha, na ncha hiyo ndiyo inayosafiri. Kiraka pekee hakiizuii. Toboa tundu la milimita 3 kila upande ufa unapoishia, tena milimita 2 au 3 mbele ya pale jicho linapoona mwisho, kwa sababu ncha halisi iko mbele kuliko inavyoonekana. Tundu la duara hutawanya nguvu iliyokuwa imekusanyika katika ncha, na ufa husimama. Lainisha kingo zake kwa biti kubwa zaidi unayoizungusha kwa mkono. Ni kazi ya dakika tano, na mafundi wengi huiruka.

Kiraka cha ribiti, hatua kwa hatua

Anza na bati lenyewe. Linalotakiwa ni la alumini yenye magnesi, ambalo huwa na namba 5052, 5083 au 5086 iliyopigwa chapa, lenye unene sawa na wa boti au kuzidi kidogo. Boti ndogo huwa na bati la milimita 1.6 hadi 3. Hapa Dodoma waulize wajenzi wa mabodi ya malori kabla ya kuwauliza wauza vifaa vya ujenzi. Tangu majengo yalipoongezeka mjini, mabaki ya paneli za kupambia kuta yamejaa kila mahali, na mtu huona fedha inayong'aa akadhani amepata bati la bure. Paneli hizo ni ngozi mbili nyembamba mno zilizobana plastiki katikati. Hazifai hata kidogo. Bati la kuezekea halifai, na sufuria iliyotengenezwa kwa kumimina alumini iliyoyeyushwa vilevile haifai.

Kata kingo zote zilizochanika hadi tundu liwe na umbo la mviringo au la yai, kwa maana kila kona kali ni mwanzo wa ufa mpya. Kama bati limebonyea, lirudishe kwanza kwa nyundo ya mpira huku nje ukiwa umeweka kiroba cha mchanga. Kisha kata kiraka kinachozidi tundu kwa milimita 35 kila upande na uviringishe pembe zake nne. Tuchukue mfano: tundu la milimita 60 kwa 40 litapata kiraka cha 130 kwa 110. Mstari wa ribiti ukipita milimita 12 ndani ya ukingo wa kiraka, urefu wake wote ni milimita 384. Ukiweka ribiti za milimita 4.8 kwa nafasi ya milimita 24, utahitaji takriban 16. Nafasi ikizidi sana hapo, bati hujikunja baina ya ribiti na maji hupata mlango. Umbali kutoka ribiti hadi ukingo usipungue mara mbili ya unene wa ribiti.

Mahali pa kuweka kiraka ni nje, ili maji yenyewe yakisukumie bodini. Piga tupa ukingo wa mbele ulale, usije ukanasa majani na nyavu.

Toboa matundu ya pembe kwanza, bana kiraka kwa skrubu ndogo, toboa yaliyobaki, kisha ukiondoe tena. Mafundi wenye haraka hawapendi hatua hii ya kukiondoa. Kila drili huacha ukingo ulioinuka na vipande vya alumini kati ya mabati mawili, na vikibaki humo mabati hayatakutana. Futa kingo hizo pande zote mbili, kisha safisha kwa asetoni, kwangua kwa msasa namba 80 hadi alumini ing'ae, na usafishe tena kwa asetoni kwa kitambaa kipya. Mpangilio huo una maana: ukianza na msasa, unakandamiza mafuta ndani ya mikwaruzo. Brashi ya waya, kama unaitumia, iwe ya chuma kisichoshika kutu na isiwe imewahi kugusa chuma cha kawaida. Upepo wetu wa Agosti hubeba vumbi jekundu hadi ndani ya kabati, kwa hiyo fanya kazi hii asubuhi na mapema au nyuma ya turubai.

Sasa gundi. Tumia gundi ya poliyurethani ya kuzibia viungo, aina ya zile zinazouzwa katika mirija kwa kazi za baharini. Hapa ndipo nilipokosea. Kiraka changu cha kwanza nilikiwekea silikoni niliyokuwa nikifungia vioo, ile yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka gundi inapokauka, na baada ya miezi michache mwenye boti alirudi kunionyesha unga mweupe ukichungulia pande zote za kazi yangu. Nilikibandua na kukirudia bila malipo.

Paka gundi kiraka kizima, usipake mstari wa pembeni tu, kirudishe mahali pake, na upige ribiti kabla haijaanza kushika, ukianzia pembe moja na kwenda ya mkabala wake. Gundi inapaswa kutoka kwa mfululizo pande zote. Mahali isipotoka ni mahali pasipo na gundi. Ribiti za bunduki za kawaida, tunazotumia kwenye madirisha, zina tundu katikati na mara nyingi kichuma kinachoshika kutu. Kwa boti tafuta zilizozibwa ncha, ambazo ni za alumini na kiini chake hakishiki kutu. Ukipata ribiti nzima za kupiga kwa nyundo na mtu wa kukushikia, hizo ni imara zaidi. Mkia unaojitokeza kabla ya kupigwa uwe mara moja na nusu ya unene wa ribiti, yaani kama milimita 7 kwa ribiti ya 4.8.

Gundi ya poliyurethani hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Dodoma kati ya Julai na Oktoba haina wa kutosha. Chupa ikiandika siku mbili, wewe ipe wiki, na utundike kitambaa kilicholowa karibu na kiraka bila kukigusisha. Jaribu kwa ukucha: kikibonyea na kuacha alama, subiri.

Epoksi

Epoksi hufaa kwa vishimo vya kuliwa ambavyo havijatoboa na havijazidi theluthi ya unene wa bati, pamoja na vitundu vya sindano katika viungo vilivyochomelewa. Usiitegemee kuvuka ufa, wala kuziba mahali panapopinda. Alumini hutanuka sana: boti ya mita 4 iliyotoka kwenye baridi ya alfajiri ikapigwa na jua hadi bati likaongezeka joto nyuzi 30 hurefuka karibu milimita 3, na kitu kigumu kilichoganda juu yake hupasuka kidogo kidogo kila siku.

Usafi ni ule ule wa kiraka, ila hapa kuna mbio dhidi ya muda, kwa kuwa utando wa alumini huanza kurudi mara tu unapoweka msasa chini. Paka epoksi nyembamba ndani ya saa moja, isugue kwa msasa ikiwa bado mbichi ili ifikie alumini mpya, kisha ongeza iliyobaki. Changanya kidogo kidogo. Mchana wa Oktoba kikombe kizima kinaweza kuchemka na kuganda kabla hujamaliza nusu, ilhali usiku wa Juni epoksi hulala bila kushika.

Ukiamua kuchomelea

Utando wa alumini huyeyuka kwa nyuzi 2,050 hivi, na alumini iliyo chini yake kwa nyuzi 660 ikiwa safi. Asiyeuondoa utando huo anayeyusha ndani huku ganda la juu likiwa zima, na ndiyo maana ile boti ya kwanza ilidondoka. Mashine ya TIG (inayochomelea kwa ncha ya tungsteni) yenye umeme wa AC na gesi ya agoni huuvunja utando wakati inachomelea. Waya wa kujazia kwa bati za namba 5052 hadi 5086 ni 5356. Waya wa 4043, ambao wachomeleaji wengi huwa nao kwa ajili ya rejeta na vichwa vya injini, hauzifai bati zenye magnesi nyingi. Ukiuliza swali hilo moja tu, utajua kama umempata fundi au la.

Ondoa rangi na gundi ya zamani angalau sentimita 5 kila upande, kausha unyevu wote, chonga ufa uwe na umbo la V, na uache yale matundu ya milimita 3 yazibwe mwisho. Toa tangi la mafuta, tenganisha betri, na chunguza kama kuna sponji chini ya sakafu, maana moshi wake ni sumu. Usisafishe kwa dawa ya breki: baadhi yake zina klorini, na zikipata mwanga wa kuchomelea hutoa gesi inayoweza kuua.

Ukitobolewa ukiwa majini

Wavalishe watu wote maboya kwanza. Hamisha watu na mizigo upande wa pili ili tundu lipande juu ya usawa wa maji ikiwezekana. Sindika kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, au bana kipande cha mpira wa ndani wa tairi kwa ubao na uukandamize kwa mguu, huku mwingine akiteka maji kwa ndoo. Elekea ufuo ulio karibu zaidi, usielekee ule ulioanzia.

Kupima kazi

Rudisha boti juu ya mbao, mimina maji kama mwanzo, na uiache usiku kucha ukiwa umetandaza magazeti makavu chini yake. Kama boti inabeba abiria, ikaguliwe tena na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla ya kurudi kazini. Rangi si lazima katika maji baridi. Ukiipaka, isiwe ile ya kuzuia viumbe vya majini yenye shaba ndani yake.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo, na sponji kavu ikiwa imewekwa kwa ndani mahali pa kiraka. Baada ya safari kumi hivi, inua sakafu na utazame kwa tochi yale matundu ya milimita 3 uliyotoboa kwenye ncha za ufa. Ukiona mstari mwembamba umeanza upande wa pili wa tundu, ng'oa kiraka, toboa tundu jingine mbele ya mstari huo, na safari hii ongeza pembe ya alumini kutoka taruma moja hadi nyingine kabla ya kukirudisha.